Siri ya Ford haikuwa kiwanda, ilikuwa injini

Jamani, nimechoka na hadithi moja. Kila watu wa programu wakikaa kujadili jinsi ya kushusha bei, lazima mmoja wao amtaje Henry Ford na ule mstari wake wa kuunganishia magari. Eti Ford aliharakisha kazi kiwandani, gari likawa bei rahisi, basi. Hadithi hiyo inaanzia katikati!

Tazameni tarehe. Model T ilitoka Oktoba 1908. Mstari unaotembea ulianza Highland Park, Michigan, mwaka 1913. Miaka mitano kabla ya mstari, akina Childe Harold Wills na Joseph Galamb walikuwa wamekwisha kumaliza kazi ngumu zaidi, ile ya kuchora injini.

Haya, tuifungue. Silinda 4, lita 2.9, nguvu za farasi 20. Ni chache, sibishi. Lakini wakati ule magari mengi yalikuwa na silinda zilizomiminwa moja moja au mbili mbili, kisha zikafungwa pamoja. Hapa zote nne zilimiminwa katika bloki moja, na hedi yake ikafungwa juu kwa bolti. Mkulima akiwa na spana aliweza kuifungua, akakwangua masizi, akasaga valvu, akarudisha.

Pampu ya oili? Hakuna. Flaiwili ilirusha oili, nyingine ikakingwa na bomba na kuteremka yenyewe hadi mbele ya injini. Flaiwili hiyohiyo ilibeba sumaku 16 za kuzalisha umeme wa plagi. Pampu ya petroli? Hakuna, mafuta yaliteremka kutoka tangini. Na pampu ya maji je? Hapa ndipo napenda zaidi. Magari kama 2,500 ya kwanza yalikuwa nayo, kisha ikaondolewa. Maji ya moto hupanda, yakipoa kwenye rejeta hushuka, kwa hiyo yalizunguka yenyewe. Yaani toleo lililofuata lilikuwa na vitu VICHACHE kuliko la kwanza. Niambieni ni programu gani mmeona ikifanya hivyo karibuni.

Najua mtakaloniambia. Dola 850 za mwaka 1908 hazikuwa pesa kidogo, na mstari ulisaidia sana kuishusha bei hadi chini ya dola 300 katika miaka ya 1920. Kweli. Pia injini hiyo ilikuwa na madhara yake: kuiwasha kwa hendeli kungeweza kukuvunja mkono, na gari likiwa na mafuta kidogo lilipanda mlima mkali kinyumenyume ili petroli ifike kwenye injini. Kweli pia. Lakini mstari hauwezi kurahisisha kitu kilichochorwa kwa ugumu. Utakachopata ni ugumu uleule, ila kwa haraka zaidi.

Kiswahili chetu kinalijua jambo hili. Neno ni moja: rahisi. Bei rahisi, kazi rahisi. Sisi ndio tumezitenganisha. Tunaandika programu nzito kwa ajili ya mwenye simu ya bei kubwa, halafu tunaikatakata na kuiita toleo la watu wa kipato cha chini. Ikiharibika, mwenyewe hawezi hata kuifungua. Injini ya Model T haikuwa injini ya tajiri iliyopunguzwa. Ilichorwa tangu mwanzo kwa ajili ya mtu wa shambani, aliye mbali na fundi.

Matokeo yake? Gari lilikoma mwaka 1927 baada ya kutengenezwa zaidi ya milioni 15, lakini injini yenyewe iliendelea kutengenezwa hadi Agosti 1941.

Kwa hiyo kabla ya kukimbilia seva mpya na wafanyakazi zaidi, jiulizeni kwanza: pampu yetu ya maji ni ipi, na kwa nini bado ipo? Anayebisha karibu, lakini aje na hoja.