Peke Yangu Milimani

Mpenzi msomaji, nikikwambia niliendesha peke yangu hadi Kitulo na kulala kwenye gari siku mbili, najua utauliza: "Mmegombana?" Hata mama mkwe aliuliza hivyo hivyo. Wapi! Nilitaka kupumua tu.

Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, iko kama meta 2,600 juu ya usawa wa bahari. Wenyeji huiita Bustani ya Mungu, na msimu wa mvua maua yake utayapenda. Ila baridi ya usiku haina mchezo! Beba blanketi mbili na chupa ya chai, acha kioo wazi kidogo, na usilale injini ikiunguruma ili upate joto: moshi wake una hewa isiyo na harufu, inaua kimya kimya. Egesha penye watu, uombe ruhusa kwanza. Na ukishuka Kitonga, tumia gia ndogo, usitegemee breki tu.

Mume wangu tulikubaliana nimpigie saa 12 jioni kila siku. Siku ya pili akaniambia, "Nilidhani hutarudi." Miaka minane ya ndoa, kochi moja, na hofu hiyo sikuijua! Tuliongea mpaka salio likakata.

Kwa hiyo mwenzio akiomba siku mbili zake, kabla hujanuna muulize anapita wapi na atapiga saa ngapi. Anayekukimbia huficha njia. Anayekwenda kupumua hukuachia ramani.

Tukutane mwezi ujao.