Wazazi Mombasa wapime cheti kabla ya kulipa karo ya upishi

KILA matokeo ya mtihani wa KCSE yanapotangazwa, matangazo ya vyuo vinavyoahidi kumfanya kijana mpishi stadi kwa muda mfupi hutapakaa kisiwa cha Mombasa.

Katika nyumba za Mji wa Kale, matangazo hayo huzua mjadala. Mzazi huuliza ni kwa nini alipe karo ili bintiye akafunzwe upishi, ilhali amekwisha kujifunza nyumbani kupika pilau, mahamri, mbaazi za nazi na samaki wa kupaka. Binti naye hujibu kwamba hoteli haimwajiri mtu kwa sifa za majirani.

Wote wawili wana hoja. Mpishi wa harusi anayeivisha pilau ya mamia ya wageni kwa kuni, bila ya mizani wala saa, ni fundi kamili. Hata hivyo, ufundi huo pekee haumwezeshi kukadiria gharama ya sahani moja: mchele, nazi, gesi na jasho lake. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Chuo cha maana ni kile kinachoziba pengo hilo kwa kufunza hesabu za jikoni, usafi, uhifadhi wa nyama na samaki, uokaji na upangaji wa kazi.

Kwa miaka mingi jina lililotajwa kwanza lilikuwa Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa Nairobi mwaka wa 1975 kwa msaada wa Uswisi. Siku hizi si lazima kijana wa Pwani asafiri mbali. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, kisiwani humo humo, nayo Kenya Coast National Polytechnic iko ng'ambo ya daraja la Nyali.

Tatizo ni kwamba si kila mlango ulioandikwa chuo ni chuo. Kuna maswali matatu yanayofaa kuulizwa kabla ya karo kulipwa.

Kwanza, je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya sheria ya mwaka wa 2013 kusimamia mafunzo ya kiufundi? Pili, ni nani atakayemtahini mwanafunzi? Cheti cha KNEC, CDACC au NITA hutambuliwa kote nchini, lakini karatasi iliyotiwa saini na mwenye chuo pekee huenda isivuke lango la hoteli. Tatu, mwanafunzi atapika siku ngapi kwa juma, na ni jikoni gani atakapopelekwa kwa mafunzo ya nyanjani?

Swali la mwisho lina uzito wa pekee kwa familia za Kiislamu, ambazo nyingi husita kumruhusu mtoto afanye kazi panapopikwa nguruwe na kuuzwa pombe. Heri suala hilo lizungumzwe na chuo mapema kuliko kijana kuacha masomo katikati.

Aidha, ni hatari kutegemea watalii pekee. Shambulizi la Kikambala mwaka wa 2002, ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, maonyo ya usafiri ya 2014 na janga la korona mwaka wa 2020 yote yaliathiri hoteli za Pwani, na wafanyakazi wengi wakarudi nyumbani. Anayejua kuoka mikate, kupikia shule na hospitali au kusimamia shughuli za harusi huwa na pa kushika watalii wanapoadimika.

Kwa waliokwisha kubobea, si lazima waanze upya. Mwaka wa 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa, ili fundi apimwe kwa anachokijua na kupewa cheti. Sera hiyo ikitekelezwa ipasavyo, mama anayeuza viazi karai na mahamri barazani atapata hati inayolingana na mikono yake.

Hadi hapo, mzazi asiharakishe kufungua kibeti. Na autembelee chuo saa za masomo, aingie jikoni kwanza, kisha ndipo aende afisi ya karo. Jiko lililo baridi siku ya kazi litamjibu mengi kuliko bango lolote.