Askari anapewa shule, sisi tunapewa semina

Vijana wenzetu, na ninyi ndugu zetu wa mashirika, leo tuongee kidogo juu ya askari. Sio wale waliotukimbiza nyumbani. Tunaongelea askari wa Marekani anayevua sare na kwenda kusoma biashara chuo kikuu. Sisi tunaona kuna somo letu hapo.

Mwaka 1944, vita vya pili vya dunia havijaisha hata, Rais Roosevelt alisaini sheria inayojulikana kama GI Bill. Askari aliyerudi alilipiwa ada na vitabu, akapewa na hela ya kuishi wakati anasoma. Mwaka 1947 karibu nusu ya waliojiunga na vyuo vya Marekani walikuwa askari wa zamani. Darasa la biashara la Harvard lililomaliza 1949 lilijaa watu waliotoka vitani, na wengi wao wakaja kuongoza makampuni makubwa. Mpango kama huo upo mpaka leo: anayetimiza masharti anaweza kulipiwa hadi miezi 36 ya masomo, pamoja na posho ya nyumba.

Lakini sio hela tu. Chuo cha biashara kinamuuliza: umeongoza watu wangapi? Ulitunza mali gani? Mambo yalipoharibika uliamua nini? Luteni aliyekuwa na kikosi cha watu kama 40 anayo majibu, kazi yake ni kujifunza kuyasema kwa lugha ya kiraia. Chuo kinachukulia alikotoka kuwa ni sifa, sio doa.

Sasa tuje kwetu Kongo. Katika mpango ulioanza 2004, aliyeweka silaha chini alipewa dola 110 za kuondokea, halafu dola 25 kwa mwezi kwa mwaka mmoja. Kuna waliorudi porini. Tunashangaa nini?

Na huku kambini? Semina ya ujasiriamali siku tano, soda, cheti, picha ya pamoja. Wote tunafundishwa sabuni na cherehani. Jamani, kambi moja inahitaji mafundi cherehani wangapi, na nani ana hela ya kushonesha?

Kuna watakaosema: yule askari aliitumikia nchi yake, nchi inamlipa deni. Mkimbizi anamdai nani? Hoja hiyo ni ya kweli, hatuikatai. Ila sisi hatudai deni, tunaomba kipimo kilekile. Kijana anayepanga foleni ya mgao, anayehesabu magunia yasipungue, anayetuliza ugomvi kwa Kiswahili, Kirundi na Kifaransa, anafanya kazi ileile anayoulizwa luteni. Tena hakubeba bunduki. Mbona yeye anaitwa wa kujitolea tu, mradi ukiisha anaondoka mikono mitupu? Na yule aliyebebeshwa bunduki akiwa mtoto, naye anahitaji darasa kuliko sabuni.

Tusidanganyane pia kwamba sheria peke yake inatosha. GI Bill haikuandika kwamba mweusi asisome, lakini askari weusi wengi walikuta milango ya vyuo na benki imefungwa. Kwetu wanaobaki mlangoni tunawajua: dada aliyezaa mapema, na yule ambaye diploma yake ya sekondari haitambuliki katika nchi aliyokimbilia.

UNHCR inataka ifikapo 2030 asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe wanasoma elimu ya juu. Ufadhili wa DAFI upo tangu 1992, ila nafasi ni chache na waombaji ni wengi. Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, tunaomba mambo matatu. Mtupe barua inayoeleza kazi tuliyofanya, watu wangapi, mali kiasi gani, sio "alikuwa mwaminifu" basi. Mpunguze semina za siku tano, hela hiyo isomeshe hata wachache kozi nzima ya uhasibu au biashara. Na mtusaidie vyeti vyetu vitambulike.

Na sisi vijana tuanze wiki hii, tusisubiri. Chukua daftari, andika kila kazi unayofanya na idadi yake. Siku mlango ukifunguka, watauliza ulifanya nini huku kambini. Tuwe na jibu lililoandikwa.