Mzio mkali: Mafunzo yapunguza gharama ya kuokoa maisha

Mtu aliyepatwa na mzio mkali, uwe umetokana na karanga au kuumwa na nyuki, aweza kufariki katika dakika chache. Tiba ya kwanza ni adrenalini, ambayo huchomwa pajani.

Nchini Marekani, bei ya sindano mbili za EpiPen ilipanda kutoka takriban dola 100 mwaka 2007 hadi zaidi ya dola 600 mwaka 2016. Kaunti ya King, uliko mji wa Seattle, haikungoja ishuke. Kuanzia mwaka 2014, wahudumu wake wa dharura waliruhusiwa na kufundishwa kuvuta dawa hiyo kutoka kwenye kichupa kwa bomba la kawaida, kwa gharama ndogo zaidi.

Adrenalini yenyewe si ghali. Kinachopungua ni mikono iliyofundishwa na kuidhinishwa kuitumia.