VITI AU KURA?

Ndugu zetu wa Kiwira hupenda kujisifu kwa wingi wa viti. Sisi twauliza: je, kura ni ngapi? Mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Lakini viti 58 vilipatikana bila kupingwa. Huko wananchi hawakupiga kura. Mwaka 1962 nchi nzima iliulizwa: Mwalimu Nyerere akapata kura 1,127,978, Bwana Mtemvu 21,276. Huo ndio ushindi uliopimwa.

Huko Marekani, mwaka 2010 chama cha Republican kiliongeza viti 63 katika Baraza la Wawakilishi. Mwaka 2018 wapiga kura wakakinyang'anya Baraza hilo.

Ndugu, apitaye bila kupingwa hajui kama apendwa. Uchaguzi ukija, wananchi wapewe nafasi ya kuchagua.