Oili ya Difu na Haki ya Dereva



Ndugu Waislamu, safu hii imezoea kuzungumzia malezi, mirathi na adabu za majumbani. Wiki hii tunaomba radhi, tutazungumzia oili.

Msikiti wetu una guta la magurudumu matatu, lililonunuliwa kwa michango ya waumini, ikiwemo ya akina mama wauza maandazi waliovunja vibubu vyao. Guta hilo hubeba unga wa watoto wa madrasa, maji siku bomba linapokauka, na mbao za kaburi siku ya msiba.

Mwaka jana dereva alituletea ombi la oili mpya ya difu. Katika kikao, mmoja wetu akakumbusha kuwa stoo imesalia oili ya injini ya jenereta. Dereva akasema kwa adabu, “Mashekhe, fundi aliniambia difu ina oili yake.” Tukamjibu kwamba oili ni oili, na mali ya wakfu haichezewi. Akatii. Miezi michache baadaye akaja kusema difu inalia. Tukamwambia apunguze mwendo. Siku moja, likiwa limebeba magunia ya unga, gurudumu la nyuma likakwama katikati ya barabara. Kamati ikakaa, ikaamua kuwa dereva ni mzembe, na posho yake ikatwe kidogo kidogo hadi gharama ya matengenezo itimie.

Fundi alipofungua difu alituita tutazame. Meno ya krauni na pinioni yalikuwa yamechubuka. Akatueleza kwamba meno hayo hayazunguki tu, bali huteleza na kusuguana yakiwa yamebeba uzito wote wa mzigo. Oili ya gia hutiwa dawa maalumu inayojenga utando juu ya chuma, ili meno yasigusane makavu mgandamizo unapozidi. Oili ya injini haikutengenezwa kwa mgandamizo wa namna hiyo.

Yafuatayo tuliyojifunza huenda yakamfaa kila mwenye guta, au pikipiki inayozungusha gurudumu la nyuma kwa shafti badala ya mnyororo.

Kwanza, soma kitabu cha chombo chako. Difu nyingi hutaka oili ya gia ya 80W-90, ambayo madukani huitwa namba 90, yenye alama ya GL-5. Usidanganywe na namba: namba 90 ya gia si nzito maradufu kuliko namba 40 ya injini, kwani vipimo vyake ni tofauti. Wala usiitie oili hiyo ndani ya injini, ambamo klachi na gia hutumia oili moja.

Pili, endesha chombo kidogo ili oili ipate joto, kisha kiegeshe mahali tambarare. Fungua kwanza nati ya juu ya kujazia, ndipo ufungue ya chini. Ukimwaga kwanza, kisha nati ya juu ikagoma kufunguka, utabaki na difu kavu.

Tatu, itazame oili inayotoka. Ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Vumbi laini la chuma kwenye nati ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma ni onyo, mwite fundi.

Nne, weka washa mpya, kaza nati ya chini, kisha jaza hadi oili ifike kwenye ukingo wa tundu la kujazia, isipokuwa kitabu kimetaja kipimo kingine. Usizidishe. Oili iliyozidi hupenya kwenye sili na huweza kufika kwenye breki. Difu ya pikipiki ya shafti kwa kawaida haihitaji zaidi ya robo lita. Ya guta huhitaji zaidi. Oili chafu usiimwage mtaroni wala karibu na kisima cha jirani.

Ndugu wasomaji, tulirudi ofisini tukafungua daftari la mihtasari ya vikao. Tulikuta imeandikwa: oili ya stoo itumike, kubana matumizi. Mwandiko ulikuwa wetu sisi wenyewe, makatibu wa kamati. Hapakuwa na jina la dereva katika uamuzi ule, ila katika adhabu.

Katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, Allah (S.W.) ameamrisha amana zirejeshwe kwa wenyewe, na katika aya hiyo hiyo akaamrisha kuhukumu kwa uadilifu. Sisi tulidhani tunailinda amana ya guta, kumbe tuliiharibu, kisha tukamdhulumu mtu kwa kosa letu. Amana ya mali haikamiliki bila elimu ya kuitunza, na kubana matumizi bila elimu kunaweza kuwa israfu.

Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, tulimwomba dereva radhi mbele ya watu wale wale waliosikia akiitwa mzembe. Posho aliyokatwa alirudishiwa, na gharama ya difu wajumbe tuliochangia uamuzi ule tuliilipa kutoka mifukoni mwetu, si katika mfuko wa msikiti. Yeye alisema maneno machache tu: ametusamehe, na anaomba siku nyingine akisema asikilizwe.

Enyi wazazi, waajiri na viongozi, kijana wa kazi anapokwambia chombo kinalia, huenda yeye ndiye mtunzaji wa amana yako. Msikilize kabla hujamhukumu. Siku hizi oili ya difu tunaibadilisha kwa tarehe iliyoandikwa ukutani, na anayeiandika ni dereva.

Wabillahi tawfiq.