Mbona Wahusika Wetu Wote Wana Ulimi Mmoja?

Wapenzi wasomaji, kabla hamjageuza ukurasa mkaenda kwenye vitendawili na vichekesho, nina neno. Neno lenyewe lahusu hadithi fupi tunazoandika katika chama hiki chetu cha Kiswahili. Ni tamu, visa vyake vinasisimua, lakini zina ugonjwa mmoja: wahusika wote wana ulimi mmoja. Bibi wa miaka 80 kijijini Bungoma, makanga wa matatu pale steji ya Kitale, chifu, mlevi na mtoto wa darasa la pili, wote wanazungumza kama mtahiniwa wa Karatasi ya Kwanza. Kila mmoja ana methali mbili na tashbihi tatu mdomoni. Kwani hawa watu wote walikalia dawati moja?

Maoni yangu ni kwamba mazungumzo katika hadithi ni mahali pa mhusika kujianika mwenyewe. Mwandishi anayetaka kuonyesha msamiati wake atafute mahali pengine. Unaweza kutueleza kwa kurasa tatu kwamba mtu fulani ni mchoyo au mpole, lakini akifungua mdomo tusiusikie uchoyo wala upole huo, hatutakuamini.

Tuchukue mfano wa msichana anayedaiwa karo na baba asiye na pesa. Sisi huandika hivi:

"Ewe binti yangu, mboni ya jicho langu, sina hata ndururu. Kama ujuavyo, mahindi yetu yalikauka shambani, na wahenga hawakukosea waliponena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Jamani, hiyo ni kamusi iliyovaa gambuti! Binti anaishi hapo hapo nyumbani. Aliyaona mahindi yakikauka. Anaelezwa nini? Ukweli ni kwamba mwandishi anatuambia sisi wasomaji, ila anapitia mgongoni mwa binti. Sasa hebu sikilizeni hawa wengine:

"Baba, mwalimu amesema mwisho ni kesho."

"Umekula, mama?"

"Nimekula. Amesema bila karo tusirudi."

"Ile ng'ombe umefunga?"

"Nimefunga."

"Ifunge karibu. Kesho asubuhi naenda na yeye Chwele."

Basi. Methali haimo hata moja. Baba hajasema kwamba hana pesa, hajasema anaona haya, wala hajasema anampenda binti yake, lakini yote matatu tumeyajua. Amemwita "mama", kama wazazi wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao. Swali amelikwepa mara mbili, na mwishowe amelijibu kwa ng'ombe. Mtu wa Bungoma akisikia Chwele hana haja ya kuambiwa kwamba pale kuna soko. Na kwa ile "ile ng'ombe" yake, badala ya "yule ng'ombe", tumejua pia kwamba ni mtu wa bara.

Najua walimu wetu wana hoja hapo. Watasema kosa la sarufi ni kosa, na kalamu nyekundu haina jamaa. Ni kweli, na mimi sisemi tuchafue lugha. Usimulizi ni wa mwandishi, na hapo sarufi isimame wima kama mlingoti wa bendera. Lakini ndani ya alama za mtajo, mwenye maneno ni mhusika. Usimulizi ukiwa safi, hata mtahini atang'amua kwamba "ile ng'ombe" imewekwa kwa makusudi. Usimulizi ukiwa mbovu, usijitetee ati ulikuwa unachora mhusika.

Wengine watanijibu kwa kumtaja Ken Walibora, na wana haki ya kumtaja. Alizaliwa Bungoma mwaka 1965, akalelewa upande wetu huu wa Trans Nzoia, na hadi alipoaga dunia Aprili 2020 alikuwa fahari yetu. Riwaya yake ya Siku Njema, ya mwaka 1996, imejaa Kiswahili kilichopigwa msasa. Lakini jiulizeni, ni nani anayesimulia? Ni Kongowea Mswahili, kijana wa Tanga, mtoto wa mwimbaji wa taarab, anayekipenda Kiswahili tangu utotoni, na ambaye safari ya kumtafuta baba inamleta hadi Kitale. Lugha ile tamu inamfaa yeye. Inatuambia ametoka wapi na anapenda nini. Sisi tukaichukua lugha hiyo hiyo tukamvisha makanga wetu, ambaye mama yake hakuimba taarab wala yeye hajaiona Tanga. Walibora alimpa mtu wake sauti yake. Tukitaka kumfuata kweli, nasi tuwape watu wetu zao.

Lakini tusikimbilie shimo la upande wa pili. Kuna waandishi wanaodhani kuchora mtu wa Bungoma ni kumfanya aseme "Pungoma" na "papa", darasa licheke, hadithi iishe. Hiyo ni lafudhi tu. Kibukusu hakina vipasuo ghuna b, d na g ila vinapotanguliwa na nazali, ndiyo maana ulimi uliokulia katika lugha hiyo hupita pale uliposhazoea. Lafudhi inatuambia mtu amelelewa wapi, lakini haituambii kama ni mwongo au mkweli, jasiri au mwoga. Kuna wanafunzi ambao siku ya wazazi humsihi mama asizungumze sana, wenzao wasicheke. Mama huyo ndiye aliyepima mahindi gorogoro kwa gorogoro hadi karo ikapatikana. Tukimwandika kama kichekesho tumemvunjia heshima, na tukimwandika kama malenga wa Lamu tumemnyang'anya sauti yake. Mimi sijui ni dhambi ipi kubwa.

Waulizeni wazazi wenu habari za Mzee Ojwang wa kipindi cha Vitimbi cha KBC. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alikuwa Mkikuyu kwa kuzaliwa, lakini alizungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo hadi watu wakaapa ni mtu wa Nyanza. Lafudhi pekee ingetuchekesha juma moja tu. Alidumu miaka na mikaka kwa sababu ya ubishi wake, majibu yake na mabishano yake na Mama Kayai. Ungemtambua hata kwa maandishi.

Namna ya kumwita mtu nayo ni dirisha la tabia. Tupande matatu ya kutoka Kitale kwenda Bungoma. Makanga anamwambia bibi mwenye kikapu, "Mathe, songa! Hii gari si ya babako!" Kufika Kamukuywa polisi anasimamisha gari, na makanga yule yule anasema, "Habari ya kazi, mkubwa wangu? Leo jua kali, eh?" Hakuna aliyetuambia kwamba ni simba kwa wanyonge na paka kwa wakubwa. Makanga wa gari la nyuma anasema, "Kukhu, lete huo mzigo nikushikie. Kaa hapa mbele." Kazi ni moja na barabara ni moja, lakini watu ni wawili, na tumewajua kwa maneno machache tu.

Basi, ndugu zangu, ukimaliza kuandika mazungumzo, funika majina kwa kiganja. Ukishindwa kujua nani anasema nini, rudi kazini. Yasome kwa sauti. Ulimi ukijikwaa, mhusika naye atajikwaa. Na likizo ikifika, tegeni masikio sokoni, kisimani na jikoni. Sikilizeni jinsi mzee anavyokataa jambo bila kusema "hapana", na jinsi shangazi anavyoomba chumvi akiwa amekuja kuomba kubwa kuliko chumvi.

Kinywa ni jumba la maneno, na katika jumba hilo kila mtu ana chumba chake. Katika toleo lijalo, natamani nisome hadithi ambayo mama yangu angeweza kuingia humo, aketi, azungumze vile anavyozungumza nyumbani, na asichekwe na mtu.